Ule mstari hafifu kati ya Omega Centauri na Centaurus A: jinsi ya kuujua ni nini

Mkuu, nimeikagua picha yako ya lenzi ya milimita 135, yenye Omega Centauri (fungu la nyota) chini na Centaurus A (galaksi) juu, zote katika kundinyota la Kantarusi, na ule mstari wa ukungu uliouzungushia duara jekundu kushoto, kama usawa wa katikati ya hivyo viwili. Umeuliza ni nebula (wingu la gesi na vumbi angani), nyotamkia au uchafu wa lenzi. Wadau hapo juu wamejibu "itakuwa galaksi tu". Wamepatia, ila jibu hilo halitakusaidia ukikuta kingine mwezi ujao, kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi.

Kabla ya kutafuta jina, hakikisha kitu kipo angani kweli. Mwanga wa nyota kali ukirudirudi kati ya vioo vya lenzi hutengeneza doa la ukungu, na mara nyingi doa hilo hukaa mkabala na nyota yenyewe, upande wa pili wa kitovu cha picha. Vumbi juu ya sensa nalo, ukisawazisha vibaya kwa fremu za flati (picha za uso wenye mwanga sawa, za kusahihisha kasoro za lenzi na sensa), huacha pete nyangavu inayoweza kumdanganya mtu. Watu watakwambia ukague fremu, yaani picha, moja moja. Kwa kitu hafifu namna hii haisaidii, maana kwenye fremu moja hakionekani kabisa. Mimi huzigawa fremu mafungu mawili, za mwanzo wa usiku na za mwisho, nikarundika kila fungu peke yake, yaani kuziunganisha ziwe picha moja, kwenye Siril, programu ya kuchakata picha za anga. Kama katikati ya usiku ulisogeza kamera kidogo, kilicho angani kitabaki palepale kati ya nyota zake, na cha kwenye lenzi kitahama kati ya nyota hizo.

Njia hiyohiyo inakumalizia suala la asteroidi na nyotamkia. Asteroidi ya kawaida ikiwa upande wa anga ulio kinyume na Jua hutembea kama nusu dakika ya tao kwa saa (nyuzi moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60 za tao). Kwa kamera yako hizo ni pikseli tano au sita, unaziona vizuri ukipishanisha picha mbili kwenye skrini.

Sasa pima. Hapa ndipo wengi wanaruka, na mimi naona ndipo penye faida kuliko pote. Chukua 206, zidisha kwa ukubwa wa pikseli kwa mikroni, gawa kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kamera yako ya megapikseli 24 ina pikseli za mikroni 3.7 hivi, kwa hiyo kila pikseli inabeba sekunde 5.7 za tao. Mstari wako nimeupima, una pikseli kama 120 (bahati nzuri umeweka faili kamili, si ile iliyokamuliwa na WhatsApp). Hiyo ni zaidi ya dakika 11 za tao, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya upana wa Mwezi mpevu. Kwa galaksi, hilo ni jitu.

Nasisitiza kupima kwa sababu ya hatua inayofuata. Ukipandisha picha kwenye tovuti ya astrometry.net, itatambua mpangilio wa nyota na kukupa anwani ya kila sehemu ya picha. Programu nyingine zitaibandika majina ya PGC (orodha kubwa ya galaksi) kila kona, na mtu huchukua jina lililo karibu na ukungu wake akatangaza amepata. Galaksi nyingi za PGC hazifiki hata dakika moja ya tao. Jina lisiloendana na ukubwa, litupe.

Anwani ya mstari wako imetoka karibu na saa 13 na dakika 35, nyuzi 45.5 kusini (saa na dakika hapa ni kipimo cha mahali angani, si cha muda). Nimeiingiza kwenye Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, nikachagua picha za DSS (mkusanyiko wa picha za zamani za anga nzima), nikazizungusha zilingane na yako. Upo palepale, umelala kwa pembe ileile. SIMBAD, hifadhidata ya vitu vya angani, wanauita ESO 270-17, na jina lake la pili ni Fourcade-Figueroa, kwa heshima ya wanaastronomia wa Córdoba, Argentina, walioutambua takriban mwaka 1970. Ni galaksi tunayoiona karibu kwa ubavu, mwanga wake umetawanyika mno. Mwanaastronomia John Herschel aliipekua anga ya kusini akiwa Cape, Afrika Kusini, kati ya 1834 na 1838, na bado galaksi hii haimo kwenye NGC, orodha ya nebula, mafungu ya nyota na galaksi ya 1888. Wapo waliowahi kudhani iligongana na Centaurus A, lakini vipimo vya baadaye vimeiweka mbali sana nyuma yake. Kwa lenzi ya 135 na bila darubini, mkuu, umefanya kazi.

Na kama DSS isingeonyesha kitu? Hapo ndipo pa kushtuka. Januari 2004 Jay McNeil, mpiga picha wa ridhaa wa Kentucky, Marekani, akiwa na darubini ya sentimita 7.6 tu, alipata nebula karibu na M78 (nebula nyingine inayojulikana) ambayo picha za zamani za DSS hazikuwa nayo. Nyota changa, V1647 Orionis, ilikuwa imelipuka mwanga na kumulika vumbi lililo jirani. Kwa hiyo ukikosa kitu kwenye DSS, kagua pia picha nyingine za anga zilizomo humo Aladin, kisha rudia kupiga usiku mwingine kabla hujamwandikia mtu.

Mei na Juni Kantarusi iko juu kusini kuanzia saa tatu usiku, kwa hiyo ongeza muda wa picha uone kama ncha za mstari zitarefuka. Angalia tu unapoondoa mwanga wa mji kwenye Siril: usiweke alama za sampuli juu ya galaksi yenyewe wala pembezoni mwake. Programu itaichukulia kuwa ni uchafu wa anga na inaweza kuififisha au kuifuta.