Maswali na Majibu: Takwimu za Korona za Eneo Lako

Baada ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha Korona, kutangazwa mwishoni mwa Novemba 2021, wasomaji waliniuliza zaidi kuhusu namba kuliko kuhusu barakoa. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Jumatatu maambukizi mapya yalikuwa machache, nikafurahi. Jumanne yakaruka maradufu. Kuna nini?

Kuna wikendi. Maabara nyingi hupunguza kazi Jumamosi na Jumapili, majibu yanalimbikizana, kisha yanatolewa kwa mkupuo. Ndiyo maana hutumika wastani wa siku saba: jumlisha siku saba zilizopita, gawanya kwa saba, na kila siku mpya ikiingia, ya zamani kabisa inatoka. Sikukuu za mwisho wa mwaka huvuruga hata wastani huo, kwa hiyo namba za mwanzoni mwa Januari usizipe uzito sana.

Wilaya yetu ina wagonjwa wapya 100 kwa wiki, jiji jirani lina 500. Mbona tunaambiwa kwetu ndiko kubaya?

Mko wangapi? Kama ni 50,000, hao ni 200 kwa kila watu 100,000. Jiji la watu milioni moja lenye wagonjwa 500 lina 50 tu.

Watu wanajipima nyumbani, wengine hawapimi kabisa. Takwimu zina maana gani tena?

Zimepungua maana, hazijaisha. Tazama asilimia ya vipimo vinavyoonyesha maambukizi. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kiwango hicho kiwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kabla ya masharti kulegezwa. Kikipanda huku idadi ya vipimo ikibaki ile ile, yaelekea maambukizi yanaongezeka. Kikiwa juu kwa sababu wanaopimwa ni waliozidiwa tu, ujue wengi hawahesabiwi. Penye uchunguzi wa maji taka, ufuatilie huo pia, kwani hata asiyejijua kuwa ameambukizwa anaweza kutoa chembechembe za kirusi anapokwenda chooni.

Maambukizi yameanza kushuka lakini hospitali bado zimejaa. Nani anadanganya?

Hakuna. Mgonjwa halazwi siku anayoambukizwa. Dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza, na anayezidiwa mara nyingi hufika hospitali wiki moja hivi baada ya hapo. Vifo huja nyuma zaidi. Kwa hiyo hospitali leo zinapokea watu walioambukizwa wakati wimbi lilipokuwa juu.

Halafu kuna namba mbili ambazo hata wanahabari wanazichanganya. Moja ni ya waliolazwa wapya, yaani walioingia leo. Nyingine ni ya wote walioko vitandani, pamoja na yule aliyeingia wiki tatu zilizopita na bado yuko kwenye mashine ya kupumulia. Ya kwanza hugeuka mapema. Ya pili hushuka polepole kwa sababu wagonjwa mahututi hawatoki haraka. Ningeruhusiwa kufuatilia namba moja tu, ningechagua waliolazwa wapya. Haitegemei sana nani alipata kipimo, maana anayeshindwa kupumua ataletwa tu. Na unapoambiwa vitanda viko vya kutosha, uliza wauguzi wako wangapi.

Jirani yangu alilazwa kwa kuvunjika mguu, akapimwa akakutwa na Korona, akahesabiwa. Huu si ulaghai?

Si ulaghai, ila ni hesabu isiyochambuliwa. Wakati wa wimbi la Omicron hospitali nyingi zilimpima kila aliyelazwa, na kirusi kikienea sana wa aina hii wanakuwa wengi. Baadhi ya maeneo yaliwatenganisha na waliolazwa kwa sababu ya Korona yenyewe. Kwenu kama hawakufanya hivyo, tazama idadi ya walio katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hata hivyo jirani yako naye ni mzigo kwa wodi: lazima atengwe, na wanaomhudumia wavae mavazi ya kujikinga.

Omicron ni nyepesi. Kwa nini tuendelee kuhesabu?

Afrika Kusini, sehemu ya walioambukizwa waliohitaji kulazwa ilikuwa ndogo kuliko wakati wa Delta, aina iliyotangulia. Lakini wakiambukizwa wengi zaidi, nafuu hiyo hupotea: asilimia 1 ya watu 20,000 ni wagonjwa 200, na asilimia 2 ya watu 5,000 ni 100. Hospitali inahesabu vichwa.

Nimesoma kwamba waliolazwa kwetu wameongezeka kwa asilimia 100. Nihame?

Walikuwa wangapi? Kutoka 2 hadi 4 ni asilimia 100, na familia moja iliyoambukizana inatosha kuleta hilo. Wiki ijayo wakiwa 8, na inayofuata 15, niandikie tena.