Mkeka wa joto bafuni: waya wa tatu usikatwe

SWALI: Fundi, habari ya Nakuru? Najenga huku Molo na baridi yetu unaijua. Mwanangu aliye Uingereza amenitumia mkeka wa nyaya za kupasha sakafu ya bafu joto, mita 4 za mraba, wati 600, pamoja na themostati yake. Fundi wa stima anataka kuifunga themostati juu ya sinki. Tena anasema mkeka una waya tatu ilhali themostati haina pa kuingiza ule wa tatu, basi ataukata. Nimruhusu?

JIBU: Mama, usimruhusu. Huo wa tatu ni waya wa ardhi. Umeungana na wavu wa chuma unaouzunguka waya wa joto urefu wake wote chini ya vigae. Siku drili ikitoboa sakafu, au maji yakiingia kwenye kiungo, wavu huo ndio unaoupokea umeme kabla ya mguu wako ulio tupu na umelowa. Themostati ni ya plastiki, haihitaji ardhi, ndiyo maana haina tundu lake. Waya huo unaunganishwa kwa kiungio ndani ya boksi nyuma ya themostati, pamoja na waya wa ardhi unaotoka kwenye breka. Niliwahi kufungua boksi la namna hiyo mtaani Milimani nikaukuta umekatwa na kuzungushiwa tepu. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakioga juu yake kila asubuhi.

Hata ukiunganishwa, breka ya kawaida haitoshi. Nyumba zetu nyingi zinategemea fimbo ya ardhi iliyopigiliwa nje. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 20: kwa volti 240, umeme utakaovuja hauwezi kuzidi ampea 12, na breka ya ampea 16 itatulia tu kana kwamba hakuna kitu. Kwa hivyo weka RCD, yaani swichi inayokata umeme mara unapovuja, ya miliampea 30, na iwe ya mkeka peke yake. Usiichanganye na shawa ya kuchemsha maji papo hapo, kwa sababu nyingi za hizo koili yake iko wazi majini na huvuja kidogo kila inapowashwa. RCD itakuwa ikiruka kila siku hadi mtu achoke aiondoe.

Themostati ikae nje ya bafu, ukutani kando ya mlango. Haipotezi kitu kwa kukaa huko, kwani joto la sakafu linasomwa na kihisi chenye waya wake. Kihisi hicho kipitishwe kwenye paipu nyembamba na kikae katikati ya mistari miwili ya waya wa joto, ili kikifa kivutwe kibadilishwe bila kuvunja kigae. Kwenye themostati, umeme unaingia L (laivu) na N (nyutro). Nyaya mbili za mkeka zinaingia pale palipoandikwa mzigo (LOAD). Kabla yake pawe na swichi inayokata nyaya zote mbili, yenye fyuzi ndogo. Mkeka wako hauli hata ampea 3.

Sasa vipimo, na hapa simama naye. Wati 600 kwa volti 230 ni ukinzani wa omu 88 hivi, na ndiyo namba anayotakiwa kuipata. Apime mkeka ukiwa bado kwenye boksi, apime ukishatandikwa, apime tena vigae vikishawekwa, na kila mara aandike namba. Pia apime kwa mega ya volti 500, kifaa cha kuona kama umeme unavuja, kati ya waya wa joto na wavu. Akisema hana mega, tafuta mwingine mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Anaruhusiwa kukata neti inayoshika mkeka ili kuugeuza kwenye kona. Waya wenyewe haukatwi wala haupandani.

Usiwashe hata kwa kujaribu mpaka gundi ya vigae ikauke kwa siku zilizoandikwa kwenye mfuko wake. Na kabla vigae havijaufunika, piga picha ya mkeka wote ukiwa na futi kando yake, umpe kila fundi wa mabomba atakayekuja na drili baadaye.