Tageti ya iSCSI kwa seva mbili: MTU haihusiki hapo

Mkuu, umesema LUN moja (diski inayotolewa na hifadhi kupitia mtandao) umeipa seva mbili za Linux, ukaiformati ext4 (mfumo wa faili wa Linux), na sasa faili ulizoweka kwenye seva ya kwanza hazionekani kwenye ya pili. Unashuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya mtandao. Achana nayo kwanza. Piga `umount` (amri ya kuiachia diski) seva zote mbili sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

iSCSI haigawi folda. Inabeba amri za diski juu ya TCP, na seva ikiipata LUN huiona kama diski iliyochomekwa ndani yake, mali yake peke yake. Inatunza taarifa za ext4 kwenye RAM yake na kujiamulia bloku zipi ziko wazi, bila kumuuliza mtu. Seva mbili zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, moja inaandika juu ya data ya mwenzake. Ukitaka faili zionekane pande zote, NFS, inayogawa folda kupitia mtandao, inakutosha. Mifumo ya faili ya GFS2 na OCFS2 ipo kwa wanaolazimika kugawana bloku, lakini klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi) ina usumbufu wake, nami nisingekushauri uanzie huko.

Ndiyo maana nikipanga tageti (upande wa hifadhi unaotoa LUN) huanza na nani anaruhusiwa kuingia. Hifadhi nyingi zinakuwezesha kukubali inishieta yoyote, yaani seva yoyote inayoomba kuingia. Ni rahisi wakati wa majaribio, na ndipo kesi kama yako zinapozaliwa. Zima. Soma IQN (jina la iSCSI) ya kila seva kwenye `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi`, kisha kila LUN ifungie jina moja tu.

Angalia pia kama seva zako zilinakiliwa kutoka mashine moja, maana zitakuwa na IQN ileile. Nimewahi kukuta mbili za namna hiyo zikitoana: hii ikiingia, kikao cha ile kinakatika, ile ikijaribu tena, inaitoa hii. Logi zote zinalalamikia mtandao, na kebo na swichi ni nzima kabisa! `iscsi-iname` inakutolea jina jipya. Liandike kwenye faili hilo, washa upya huduma ya iscsid, rekebisha na orodha kwenye tageti.

CHAP (uthibitisho kwa neno la siri) weka, ila inathibitisha anayeingia tu. Data yenyewe inapita wazi. Kwa hiyo trafiki hii ipe VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Kwa inishieta ya Windows, siri iwe na herufi 12 hadi 16, vinginevyo itakataa.

Ukiendesha `iscsiadm -m discovery -t sendtargets`, hifadhi inaweza kukurudishia hata potali (anwani za kuingilia) za mtandao wa usimamizi ambao seva haiufikii. Matokeo yake seva inachelewa kuwaka, inasubiri anwani isiyojibu. Tageti isikilize kwenye VLAN ya hifadhi tu, poti 3260.

Ukiwa na kadi mbili za mtandao, usiziunganishe kwa bond, yaani kuzifanya kama kadi moja. Kila moja ipe sabneti yake na uachie kazi multipath, inayosimamia njia zote mbili za kufikia diski. `replacement_timeout`, muda wa kusubiri kikao kilichokatika kirudi, huja ikiwa sekunde 120, muda mrefu mno kusubiri wakati njia ya pili ipo. Mimi huiweka 15.

Haya, MTU. 9000 inasaidia kiasi, mradi kadi, swichi na hifadhi vyote viwe nayo. Kimoja kikibaki 1500, kuingia kunafanikiwa kwa sababu pakiti zake ni ndogo, halafu ukinakili faili kubwa mambo yanaganda. Pima kwa `ping -M do -s 8972`. Baiti 28 zilizobaki ni za vichwa vya IP na ICMP. Kwenye gigabiti moja mimi huacha 1500 nikalala.

Kwenye fstab (orodha ya diski ambazo seva hupachika ikiwaka) tumia UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili) pamoja na `_netdev`, la sivyo seva itaitafuta diski kabla mtandao haujawa tayari.

Kwa sasa chukua snapshot ya LUN (picha ya hali yake ya sasa), kisha kwenye seva moja endesha `e2fsck -n`, ambayo inakagua bila kubadili kitu. Bandika matokeo hapa kabla hujakubali irekebishe chochote.