Maswali ya Wasomaji: Chanjo ya Surua na Rubela

Mwanangu ametimiza miezi 9. Nilimpeleka zahanati kwa chanjo ya surua nikaambiwa nirudi wiki ijayo, idadi ya watoto haijatimia. Ndio utaratibu? Na chanjo hiyo inakinga matubwitubwi? (Mama Neema, Kilosa)

Sio utaratibu. Chanjo hii huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi kichupa cha dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake maalumu ina saa 6 tu, tena iwe kwenye baridi na mbali na mwanga. Haina dawa ya kuzuia vijidudu, kwa hiyo inayobaki hutupwa. Hapo ndipo wauguzi husita. Lakini Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ni sawa: afadhali dozi 9 zitupwe kuliko mtoto akose kinga. Rudi, uliza siku yao ya chanjo, na usimsogeze mpaka miezi 18. Hiyo ni zamu ya dozi ya pili. Ya kwanza hukinga watoto wapatao 85 kati ya 100, kwa kuwa wengine bado wana kinga ya mama inayoidhoofisha chanjo. Ya pili huwafikia hao.

Mafua si sababu ya kumrudisha nyumbani. Homa na vipele vichache, vikija, huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati wazazi wengi wameshasahau sindano na kudhani ni malaria. Homa ikiwa kali, apimwe.

Matubwitubwi haimo. Tanzania na Kenya hutoa ya magonjwa mawili.

Nina miaka 27, naenda kusoma Marekani. Chuo kinataka dozi mbili za MMR (chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela), kadi yangu ya utotoni ilipotea, na tunapanga kupata mtoto. (Msomaji, Arusha)

Anza upya, kuchanjwa tena hakumdhuru mwenye kinga. Dozi ni nusu mililita, na ya pili hufuata baada ya siku 28 au zaidi. Usishike mimba mpaka mwezi upite baada ya kila dozi. Ukiwa tayari mjamzito, subiri ujifungue. Kunyonyesha hakuzuii. Chuo kikitaka pia kipimo cha kifua kikuu cha ngozi, fanya siku ileile ya sindano au ngoja wiki 4, maana chanjo inaweza kuficha majibu. Na soma cheti kabla hujaondoka kaunta: kikiandikwa surua-rubela tu, chuo kitakudai matubwitubwi.