Nimekataliwa posa kwa kuwa si Mwarabu. Je, nitafute shajara ya nasaba?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni Mdigo wa Kwale, nina miaka 29, nasomesha Kiarabu sekondari baada ya kusoma Sudan miaka minne. Nilipeleka posa kwa familia ya Kishihiri, Waarabu wa asili ya Hadhramaut huko Yemen, hapa Mombasa, na binti ameridhia. Tulipokwenda, aliyezungumza ni ami yake: "Dini yako hatuna neno nayo, lakini wewe si Mwarabu." Baba yake aliinamia kikombe chake cha kahawa, hakusema kitu. Nyumbani kwao Kiarabu hakizungumzwi. Rafiki yangu ananiambia kuna hadithi kwamba mwenye kusema Kiarabu ni Mwarabu, basi mimi ni Mwarabu kuliko wao. Mjomba wangu amepata mtu wa kuniandikia shajara inayofika Hadhramaut, kwa malipo. Mwengine anatushauri twende Malindi tukafungishwe huko. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu, umeuliza mengi kwa pamoja, na lililonikosesha raha ni la shajara, basi nianze nalo.

Usiinunue. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, naye anajua, Pepo ni haramu kwake. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Katika fiqhi watu huaminiwa kwa nasaba zao. Habari ikienea mtaani kwamba fulani ni wa ukoo fulani, yatosha. Ndiyo maana uongo wa nasaba hupita kirahisi, na ndiyo maana onyo lake likawa kali. Tena karatasi hiyo haitakusaidia hata hapa duniani: ikiwa nasaba imewekwa sharti katika ndoa, kisha ikabainika kwamba mume yuko chini ya alivyodai, mke ana hiari ya kuivunja ndoa hiyo. Mjomba wako anakununulia talaka ya miaka kumi ijayo. Na babu zako Wadigo wamekukosea nini hata uwafute?

Hadithi ya rafiki yako nayo haifai. Ameipokea Ibn Asakir: mtu aliwadharau Salman Mfursi, Suhayb Mrumi na Bilal Mhabeshi, Mtume akakasirika, akasema kwamba Uarabu wa mtu si wa baba wala mama, bali ni ulimi. Maneno matamu, lakini isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu, na hatuvunji hoja mbovu kwa hadithi mbovu. Ibn Taymiyya aliitaja, akasema maana yake haiko mbali katika baadhi ya njia, kisha akaeleza kwamba jina "Waarabu" asili yake ni watu waliokusanya mambo matatu: lugha yao Kiarabu, wametokana na kizazi cha Waarabu, na makao yao Bara Arabu. Baada ya Uislamu kuenea, mambo hayo matatu yalitawanyika. Ukapata mwenye ulimi bila nasaba, na mwenye nasaba bila ulimi. Wewe na ami wa binti mmegawana vipande vya kitu kimoja, kila mmoja ameshika chake akidhani ndicho kizima.

Dini, kama unavyoona, haimo katika vitatu hivyo. Banu Taghlib walikuwa Waarabu halisi na Wakristo. Walipochukia kutoa jizya, kodi ya wasiokuwa Waislamu, Umar bin al-Khattab akawakubalia watoe sadaka maradufu. Mshairi al-Akhtal, aliyewasifu makhalifa wa Banu Umayya kwa Kiarabu fasaha, alikuwa Mkristo wa kabila hilo. Kwa hiyo anayesema "Mwarabu" akakusudia "Mwislamu bora" amechanganya mambo. Na siku hizi kuna Uarabu wa serikali: Somalia imo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974, Komoro tangu 1993, na lugha ya Wangazija ni ndugu ya Kiswahili chetu. Ami huyo, akiletewa Mngazija mwenye pasipoti ya nchi ya Kiarabu, sidhani atamwozesha kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwa hoja yake yeye, kwamba Uarabu ni damu na damu haichanganywi. Namwomba aanze juu kabisa. Katika Sahihi Bukhari, kwa Ibn Abbas, imekuja kwamba Jurhum, kabila la Waarabu, waliteremka Makka palipokuwa na Hajar na mwanawe, na Ismail akajifunza Kiarabu kutoka kwao, kisha akaoa kwao. Hajar alitoka Misri. Ibrahim hakuwa Mwarabu. Basi shina la Maquraishi wote ni kijana aliyejifunza Kiarabu kwa majirani. Ndiyo wataalamu wa nasaba wakawaita wana wa Adnan, kizazi hicho cha Ismail, "musta'riba", waliofanywa Waarabu. Kama kujifunza lugha na kuoa kwa wenyeji hakumfanyi mtu kuwa Mwarabu, Maquraishi tuwaweke wapi? Na Washihiri wa pwani yetu walikuja kwa majahazi, wengi wao wanaume watupu, wakaoa hapa hapa. Nyanya zao ni Waswahili, Wagiriama na, naam, Wadigo. Nasaba ya sharia hufuata baba, hilo ni kweli, lakini asituambie habari ya damu.

Pwani hii jina la Mwarabu lilipata uzito mwingine wakati wa mkoloni, serikali ilipowapanga watu kwa madaraja na haki zikafuata daraja, hata wazee wa Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakapigania waandikwe Waarabu. Baadhi ya tunayoyaita mila za Kiislamu kuhusu jambo hili ni mabaki ya daftari la Mzungu.

Hata hivyo simfanyii ami dhulma. Ana kitabu mkononi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nasaba imo katika ukufu, yaani kulingana kwa mume na mke, na Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Nawawi, imeandika waziwazi kwamba asiyekuwa Mwarabu si kufu wa Mwarabu wa kike. Hutegemezwa hadithi ya Muslim, kwamba Allah aliteua Kinana katika wana wa Ismail, na Quraishi katika Kinana, na Banu Hashim katika Quraishi. Hadithi ni sahihi, lakini inazungumzia kuteuliwa kwa Mtume, haikutaja ndoa. Na Mtume mwenyewe amemwozesha Uthman binti zake wawili, mmoja baada ya mwengine, na Uthman ni wa Banu Umayya, si wa Banu Hashim. Ama hadithi ya "Waarabu ni makufu wao kwa wao", fungua Bulugh al-Maram, mkusanyo wa hadithi wa Ibn Hajar, mlango wa ukufu: anakwambia kwamba ndani ya isnadi yake mna mpokezi asiyetajwa jina, na Abu Hatim, mhakiki wa hadithi, ameikanusha. Hadithi inayofuata hapo hapo ni ya Fatima bint Qays, Mquraishi, Mtume akimwambia aolewe na Usama, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru na mama Mhabeshi. Wapo wanaojibu kwamba Zayd, baba yake Usama, alikuwa Mwarabu wa Kalb, na wanasema kweli. Basi waache Usama, wamtazame Salim: Mfursi, mtumwa aliyeachwa huru, na Abu Hudhayfa alimwoza mtoto wa ndugu yake, Hind bint al-Walid, Mquraishi wa Abdu Shams. Bukhari ameiweka habari hii chini ya mlango aliouita ukufu katika dini. Imam Malik naye ameutazama ukufu katika dini, na kwangu huo ndio wenye nguvu.

Mzozo huu huu uliwagawa Mahadhrami wa Java. Mwaka 1913 Ahmad Surkati, mwanachuoni kutoka Sudan, alitoa fatwa kwamba sharifu wa kike anaweza kuolewa na asiyekuwa sharifu. Akagombana na waliomwajiri, na mwaka uliofuata ikazaliwa jumuiya ya al-Irshad.

Lakini usikimbilie Malindi. Wanaokushauri wamesikia kwamba walii, yaani msimamizi wa binti katika ndoa, akiwa mbali masafa ya marhala mbili, mwendo wa siku mbili, kadhi huozesha badala yake. Hawakusoma ukurasa uliosalia. Kwanza, hapa baba hakusafiri, mnaokimbia ni nyinyi. Pili, Minhaj ile ile inasema kwamba mwanamke asiye na walii akimwomba hakimu amwozeshe kwa asiyekuwa kufu, naye akafanya, ndoa hiyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi haiswihi. Mtapata watoto, kisha ami yule yule aje na kitabu aseme ni wa ndoa batili, na mashekhe wa mji nusu wamuunge mkono.

Njia yako iko ndani ya madhehebu hayo hayo. Ukufu si sharti ya kuswihi ndoa. Ni haki ya binti na mawalii wake, na wenye haki wakiisamehe, ndoa ni sahihi bila shaka. Na walii wa karibu akimwozesha binti kwa ridhaa yake, aliye mbali zaidi hana pingamizi. Baba yuko hai. Ami, pamoja na heshima yake yote, hana neno katika jambo hili ila baba akimwachia. Umejibiwa na asiye na jibu, na mwenye jibu alinyamaza.

Basi rudi kwa baba peke yake, si mbele ya ndugu zake, maana huenda kilichomfunga mdomo siku ile ni haya ya kumpinga mkubwa wake. Mtangulize imamu wa msikiti anaoswali, pamoja na mzee mmoja wa kwenu, asiwe mjomba huyo. Wasibebe hadithi za kumshinda. Waseme kazi yako, pahali mtakapokaa, mahari uliyonayo, na kwamba wewe ni Mdigo wa Kwale, kwa sauti ya kawaida. Binti naye amwambie mama yake kwa ulimi wake kwamba ameridhia. Ujumbe wa simu hautoshi. Baba akikataa, mpelekeeni kadhi mara moja tu. Kadhi akiona hoja ya Malik ina nguvu, atamhesabu baba kuwa amemzuia binti bila haki, na atamwozesha yeye. Akibaki na kauli ya Nawawi, usimtafute kadhi wa pili.

Wakishaondoka wazee wako, mwache baba wiki mbili, na usimpigie simu.