Jibu: Vyumba vya wanafunzi Changanyikeni

Mkuu, umeuliza ufanye nini ili vyumba vyako vinne vya Changanyikeni vipate wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, na unafikiria kuanza na vigae na jipsamu. Vigae viache kwanza. Anza na maji. Mwanafunzi akija kuangalia chumba anafungua bomba kabla hajatazama dari, kwa hiyo weka simtanki, maana mgao ukipiga siku tatu anahama.

Halafu umeme. LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba vinne ni ugomvi mtupu: mmoja anapikia jiko la umeme, mwenzake ana taa na kompyuta tu, mwisho wa siku wanachangishwa sawa. Funga mita ndogo kila chumba.

Kwenye kodi ndiko wenye nyumba wengi tunakosea. Usimdai mtoto miezi sita kwa mkupuo. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, linatoka kwa awamu, na wengine hawana mkopo kabisa, mzazi anauza mahindi ndipo atume. Mimi napokea ya miezi mitatu mitatu, kwa mkataba wa maandishi, na tangu nianze hivyo vyumba vyangu havikai wazi.

Kitanda, meza na kiti vinatosha. Taa ya nje na nondo madirishani usiviache, wazazi wa mabinti huulizia hivyo mapema sana. Na geti, tafadhali, mpe kila mpangaji ufunguo wake. Wanarudi usiku kutoka maktaba, si vizuri wagonge wakiwa wamesimama gizani.