Swali la lugha: Je, mjane wa Uingereza ya kale "alirithi" theluthi?

SWALI: Natafsiri somo la historia ya Uingereza ya karne ya 14 na ya 15. Nimeandika: "Bwana huyo alimiliki ardhi kubwa. Alipofariki, kifungua mimba wake aliirithi yote, na mjane akarithi theluthi." Mhariri amepigia mstari "alimiliki", "kifungua mimba" na "akarithi", bila maelezo. Kosa liko wapi? Na je, naweza kusema bwana huyo aliacha wosia wa ardhi?

JIBU: Sarufi yako haina dosari. Tatizo ni kwamba msomaji wa Kiswahili anakuja na mirathi yake kichwani, na maneno uliyochagua yanamwachia aitumie hiyohiyo.

Tuanze na mjane, maana ndiye aliyeponzwa zaidi. Kurithi kwetu ni kupokea mali ya marehemu ikawa yako: ukitaka utauza, ukitaka utagawa, na ukifa wanao nao watairithi. Mjane wa Uingereza hakupata kitu cha namna hiyo. Sheria ilimpa theluthi ya ardhi ambayo mumewe alikuwa nayo katika kipindi cha ndoa yao, aitumie kwa uhai wake tu. Aliweza kuvuna, kukodisha na kupokea malipo ya wapangaji. Akimuuzia mtu haki hiyo, mnunuzi alibaki nayo hadi mjane afe, basi. Baada ya hapo theluthi ilirudi kwa mrithi wa mume, hata kama mjane alikuwa ameolewa tena na kuzaa wengine.

Ndiyo maana "yote" na "theluthi" katika sentensi yako hazigongani kama zinavyoonekana. Mwana alirithi yote, ila sehemu moja kati ya tatu ikawa mikononi mwa mjane mpaka siku yake. Lakini msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo mke ana robo, au thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, atadhani theluthi hiyo ni fungu, au ataichanganya na theluthi ya wasia. Andika: "mjane alipewa theluthi ya ardhi aitumie maisha yake yote." Ni maneno mengi, lakini hayapotoshi.

Kwenye mada hiyohiyo kuna mtego mwingine. Magna Carta, hati ya kale ya haki iliyotolewa na mfalme wa Uingereza, ilimruhusu mjane kukaa siku 40 katika nyumba ya mumewe huku akisubiri kukatiwa theluthi yake. Usiziite eda, wala arobaini. Eda inamzuia mwanamke kuolewa, arobaini ni siku ya kumkumbuka marehemu. Hizi zilikuwa siku za makazi, na hesabu yake ilikuwa ya kisheria. Mume aliyefiwa na mke pia hakurithi: alibaki na ardhi yote ya mkewe kwa uhai wake, kwa sharti kwamba mtoto alizaliwa hai katika ndoa hiyo. Ushahidi uliotakiwa kwa desturi ulikuwa sauti ya mtoto kusikika akilia ndani ya kuta nne, hata kama alikufa muda mfupi baadaye.

Sasa "alimiliki". Kisheria ardhi yote ilitoka kwa mfalme. Wengine walikuwa nayo chini yake, au chini ya mtu aliye chini yake, kwa masharti ya utumishi au malipo. Neno moja la Kiswahili la kubeba hayo yote halipo, na wanaolitafuta hujikwaa. "Kushikilia ardhi" kunasikika kama kumng'ang'ania mwenzako. "Kuhodhi" siku hizi ni lawama. "Kukalia" kunaleta picha ya mvamizi. "Mpangaji" humfaa mkulima anayelipa kodi, si bwana mwenye ngome. Mimi hutumia "alikuwa na ardhi chini ya mfalme kwa masharti ya utumishi wa vita", kisha nikishaeleza mara moja nasema tu "ardhi yake". Katika sentensi ya kupita, "alimiliki" inavumilika. Hata Tanzania, ambako kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini, hati zetu bado zinasema hakimiliki. Ila somo likifika kwenye ulezi, neno hilo litakuumbua. Mrithi wa kiume wa ardhi ya utumishi wa vita akiwa hajatimiza miaka 21, bwana wa juu aliichukua ardhi, akamchukua na mtoto, pamoja na haki ya kumtafutia ndoa. Msomaji uliyemwambia "alimiliki" atauliza mtu baki ameingiaje.

Kifungua mimba anaweza kuwa binti, naye binti alipitwa na kaka yake mdogo. Sema "mwana wa kiume mkubwa". Wakiwapo mabinti watupu, waligawana sawa. Mwana mkubwa akifa kabla ya baba na kuacha mtoto, mjukuu huyo aliingia nafasi ya baba yake mbele ya baba zake wadogo, kinyume kabisa na mirathi ya Kiislamu, kwa hiyo usilipite jambo hilo bila kulieleza. Tena taja mahali: katika jimbo la Kent wana wote wa kiume waligawana, na kwingineko, kama sehemu moja ya mji wa Nottingham, kitinda mimba wa kiume ndiye aliyepata.

Wosia ulihusu vitu vinavyohamishika: mifugo, vyombo, fedha. Ardhi, isipokuwa katika miji kadhaa yenye desturi yake, haikuusiwa hadi sheria ya 1540. Kwa hiyo "alimrithisha mwanawe ardhi" inampa baba uamuzi asiokuwa nao. Afadhali "ardhi ilimwendea mwanawe". Waliotaka kuamua wenyewe waliwakabidhi marafiki ardhi wangali hai, wakawaagiza nani afaidike nayo na nani apewe baadaye. Mpango huo uite amana. Usiuite wakfu, kwa sababu wakfu hauuzwi wala haurudi, na ardhi hii ilikusudiwa kurudi kwa jamaa.